Picha za Ndugu Husubiri

Mteja wa kwanza asubuhi hiyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye alitaka picha nne tu za pasipoti. Mama Picha alimketisha kwenye stuli mbele ya shuka jeupe lililotundikwa kwenye ukuta wa sebule, akampiga picha, akaziweka upande wa kushoto wa karatasi kama inavyoonekana kwenye kompyuta, kisha akatazama upande wa kulia. Ulikuwa mtupu. Nusu karatasi nzima. Benchi la nje halikuwa na mtu mwingine, na mwalimu, aliyekuwa na haraka, alikuwa amekwisha kubali kulipia karatasi yote.

"Leo zamu ya wifi imefika," Mama Picha alijisemea, akafungua albamu ya wifi yake kwenye programu ya kuchapishia picha.

Picha zilikuwepo zote, zimejipanga safu kwa safu, ndogo ndogo kama stempu. Chiriku na sare ya shule. Chiriku ameketi ndani ya beseni la nguo, povu limemfika kidevuni. Chiriku amegeuka upande, anabishana na mtu asiyeonekana. Mama Picha alichagua ile ya sare, akaivuta hadi kwenye ule upande mtupu wa karatasi. Pale ulipotakiwa kutokea uso pakatokea mraba wa kijivu wenye alama nyekundu katikati. Akaivuta tena. Mraba. Akajaribu ile ya beseni, akajaribu nyingine, akapata miraba mitatu ya kijivu. Chini yake programu ilikuwa imeandika kwamba picha yenyewe haionekani mahali ilipokuwa, ikamuuliza kama angependa kuitafuta.

Mwalimu akauliza kama kuna tatizo. Akamjibu hakuna, akachapisha za mwalimu peke yake na kuzikata kwa wembe na rula. Wembe ulipita kwenye sikio la ile ya tatu, ikabidi achapishe upya. Mwalimu alipoondoka, Mama Picha hakuita mtu. Alibaki kwenye kiti chake akiitazama ile miraba.

Chiriku alikuwa mtoto pekee wa wifi yake. Alikufa kwa homa akiwa bado hajang'oka meno ya mbele, na watu wote waliokuwa na sababu ya kumlilia wangeenea ndani ya sebule hiyo. Jina la Chiriku alipewa kwa kutonyamaza. Mama yake alifua nguo za watu, akaitwa Dobi na wateja, na kwa muda si mrefu hata ndugu zake wakamwita hivyo, naye akaitika. Mazishi yalipokwisha alikuja na simu yake, akaomba picha ndogo za kuweka kwenye pochi na moja kubwa ya ukutani. Mama Picha aliunganisha simu na kompyuta kwa waya, picha zikajitokeza, akazivuta ndani ya albamu aliyoiandika "Wifi", akachomoa waya, akamrudishia simu.

"Zimeingia, wifi," alimwambia. "Ziko ndani."

Lakini karatasi ya picha ni ghali, na wino ni ghali zaidi, kwa hiyo nyumba hiyo ilikuwa na utaratibu wake: karatasi haiingii kwenye printa mpaka ijae. Mteja wa picha mbili alimsubiri mwenzake wa picha sita. Asiyeweza kusubiri alilipia karatasi yote. Ndugu, ambao hawalipi, waliwekwa kwenye nafasi zinazobaki. Na kila Dobi alipopita kuuliza, nafasi ilikuwa haijabaki. Mara walikuja wanafunzi wanaotaka vitambulisho, mara mtu na mkewe wanaosafiri, mara walinzi wa kampuni fulani waliojaza benchi na kukanyaga maua ya mlangoni. Karatasi bado, wifi, aliambiwa. Dobi alisema haina shida, akanywa maji, akaenda zake. Siku nyingine aliomba amwone tu. Alisimama nyuma ya kiti cha wifi yake, ndoo mkononi, akamtazama mwanawe kwa ukubwa wa stempu, akaondoka ameridhika.

* * *

Mumewe, Kamera, alirudi mchana na bahasha yake ya sampuli kwapani. Alikuwa amezunguka ofisi tatu akiwashawishi watu wapige picha za vitambulisho, na ofisi zote zilimwambia siku hizi kila mtu anajipiga mwenyewe. Alikuwa mfanyakazi wa studio kwa miaka mingi, kazi yake kusafisha picha za maharusi. Studio ilipofungwa, mwenye studio alimpa printa na ile programu badala ya mishahara aliyomlimbikizia. Kamera aliwaambia watu kwamba alikuwa na bahati, maana mwenzake alipewa pazia.

Mkewe hakumsalimu. Alimwonyesha tu kioo cha kompyuta. Kamera alisogeza stuli, akachukua kipanya, akabonyeza hapa na pale. Baadaye mkono wake ukatulia.

"Uliichomoa simu?" aliuliza.

"Nisiichomoe kwa nini? Nilimwachia aende nayo. Simu yake."

Ndipo akamweleza, polepole, akitazama meza. Programu ilikuwa na namna mbili za kupokea picha. Inaweza kuzinakili na kuziweka ndani ya kompyuta, au inaweza kuzionyesha tu zikiwa bado ndani ya simu. Kompyuta ilikuwa kuukuu na imejaa, kwa hiyo siku aliyoifunga mitambo yeye mwenyewe aliiweka kwenye hiyo namna ya pili. Kwa wateja haikuwa na madhara. Simu inaingia, picha zinachapishwa, simu inatoka. Hakuna mteja aliyewahi kuchomoa simu yake kabla ya kupata picha.

"Isipokuwa dada yako," mkewe alisema.

"Nilikwambia tusijaze kompyuta."

"Kutojaza nilielewa. Hukuniambia kwamba ndani hamna kitu. Nimekaa na albamu yenye jina, nimeziona kila siku, mama mtu amesimama hapa nyuma yangu ameziona. Tulikuwa tunaona nini?"

"Vivuli. Programu inajiwekea hivi vidogo ili mtu ajue alichonacho. Ukivikuza havina kitu."

Walitafuta namna ya kugombana wakaishiwa. Kamera alisema jambo lenyewe si kubwa hivyo, simu si ipo, Dobi aje nayo tena wazinakili. Mkewe alimtazama mpaka naye akakumbuka.

Simu haikuwa ya Dobi. Alipewa na mama mmoja, mwajiri wake wa kufua, ili aweze kumwita kazini wakati wowote. Msiba ulipomkuta Dobi alikaa nyumbani muda mrefu kuliko alioruhusiwa, na aliporudi alimkuta mwanamke mwingine kwenye karo, mikono ndani ya povu lake. Hawakumtukana. Walimlipa siku zake, wakamwomba simu. Habari hizi Dobi mwenyewe alizisimulia kwenye sebule hiyo hiyo, akiwa na kikombe cha maji mkononi. Alisema yule mama alimuuliza kama ana vitu vyake ndani ya simu avitoe kwanza, naye akamjibu hana, vitu vyake vyote viko kwa wifi yake. Alikuwa ameisimulia kwa fahari. Kamera alimsifu siku ile kwa kutomlamba mtu miguu, na Mama Picha akamwongezea maji.

Binti yao, waliyemwita Kibibi kwa tabia yake ya kukunja mikono kama mwanamke mzima, aliingia kutoka shule akauliza kuna nini. Wakamwambia akabadili nguo.

"Usimwambie bado," Kamera alisema. "Twende kwanza kwenye hiyo simu."

"Twende, au niende?"

Kamera akasema yeye ni ndugu wa damu, akienda itaonekana wamekwenda kudai.

* * *

Mlango mdogo wa geti, kwa yule mama aliyemwajiri Dobi, ulifunguliwa na msichana mwenye mikono iliyolowa hadi viwikoni. Mfuko wa aproni yake ulikuwa umeinama upande mmoja kwa uzito wa simu, na Mama Picha aliiona hiyo simu kabla ya kuuona uso wa mwenye aproni. Alijieleza. Msichana akamwacha nje, akaenda kumwita mama.

Mama mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Alimpa Mama Picha pole ya msiba ingawa si yeye aliyefiwa, akamsifu Dobi kwa kunyoosha mashati, akauliza anaendeleaje. Alipoelezwa shida yenyewe alikunja uso, akijaribu kwa dhati kuielewa.

"Mimi nilimuuliza," alisema. "Nilimuuliza mara mbili. Akaniambia hamna kitu chake humo."

"Alijua ziko kwangu."

"Sasa si ziko kwako?"

Mama Picha alishindwa kusema ndiyo na akashindwa kusema hapana. Mama mwenye nyumba aliendelea kueleza kwamba simu ilifutwa yote siku ile ile, kwani yeye hapendi kumkabidhi mtu simu yenye mambo ya mtu mwingine, si ustaarabu. Hata hivyo kama anataka kuangalia, aangalie. Alimwita yule msichana, akamwambia atoe simu.

Msichana alifuta mikono kwenye aproni, akaitoa, akaishika kidogo kabla ya kuiachia. Mama Picha alifungua sehemu ya picha. Ilijaa mtoto mchanga. Mtoto amelala kwenye mkeka, mtoto ameshikwa na mikono ya mtu mzee, mtoto analia, mtoto huyo huyo analia tena kutoka upande wa pili. Alizipitia zote hadi mwisho kabisa, akijua hatapata kitu, kwa kuwa alishindwa kuacha kabla ya mwisho.

"Wa kwako?"

"Wa kwangu," msichana alisema. "Yuko kwa mama. Ananitumia nimwone anavyokua."

Mama Picha aliuliza, sauti imeshuka, kama anaweza kuazima simu hiyo akaipeleka kwa fundi. Kuna mafundi wanaofukua vilivyofutwa. Hakuahidi lolote. Pengine fundi atapata, pengine atakosa, na pengine vilivyomo sasa vitavurugika.

"Na huyu je?" msichana aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu, anasubiri simu yake.

Mama Picha alimrudishia. Alikuwa ameshageuka kuondoka aliposimama.

"Zichapishe, mdogo wangu," alimwambia. "Leo, usingoje kesho. Usilete kwangu, peleka popote, lakini zichapishe na uondoke nazo mkononi."

Mama mwenye nyumba alitikisa kichwa taratibu. "Haya mama, ndiyo kutafuta wateja mpaka mlangoni kwangu?" alisema, akacheka ili kumwonyesha kwamba hajakasirika. Geti likafungwa.

* * *

Kamera alimsubiri akiwa amekwisha anza. Alikuwa amechukua kile kipicha cha sare ya shule na kukikuza hadi kikajaza kioo. Uso wa Chiriku ulikuwa umegeuka vigae: kahawia juu ya kahawia, vigae viwili vyeusi pale palipo macho, kimoja cheupe mdomoni. Alijaribu kitufe cha kulainisha, vigae vikayeyuka, ukabaki uso kama umetazamwa kupitia kioo cha bafuni. Alijaribu cha kukoleza, vigae vikarudi na ukali zaidi. Mkewe alisimama nyuma yake, mahali pale pale Dobi alipozoea kusimama, akaeleza yaliyomkuta. Kamera alisikiliza bila kugeuka.

"Studio," alisema mwishowe, "bibi harusi akifumba macho kwenye picha nzuri, tulimwazima macho kutoka picha nyingine. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika."

"Alikuwa anaazimwa macho yake mwenyewe."

"Watu walikuwa wakisema hawa watoto ni sura moja."

Mkewe hakuelewa kwa haraka. Alipoelewa alikaa.

"Usifanye hivyo, baba Kibibi."

"Kwa hiyo nimwambieje? Nimwambie dada yangu mwanao ulimzika mara moja, sisi tumekuzikia mara ya pili? Dada yangu atakufa."

"Hatakufa. Atatuchukia. Akituchukia atakuwa na haki, na baadaye labda ataacha."

"Afadhali awe na kitu ukutani."

Walibishana mpaka chakula kikapoa, na Kibibi akala peke yake. Mama Picha aliendelea kusema hapana, lakini kila mara alipoisema ilitoka nyembamba zaidi, kwa sababu alijua nini kinamsubiri upande wa pili wa ukweli. Si kwamba Dobi atauliza kwa nini programu ilifanya vile. Dobi hajui programu. Atauliza kwa nini haikuchapishwa siku ile ile. Kwa swali hilo hakukuwa na kitufe. Basi akanyamaza, na Kamera alihesabu kunyamaza kwake kuwa ndiyo.

Kesho yake alimketisha Kibibi karibu na dirisha, akamwambia atazame mbele kama mtu aliyeulizwa swali. Alimpiga mara nyingi. Kibibi, aliyependa kupigwa picha, alikunja mikono akaambiwa aikunjue. Akauliza kama ni za shule. Baba yake akamwambia ni za kumsaidia shangazi.

Kamera alifanya kazi hiyo kwa uangalifu aliokuwa hajautumia tangu studio ifungwe. Programu ilimruhusu kuweka picha moja juu ya nyingine na kufuta ya juu kidogo kidogo mpaka ya chini itokeze. Aliacha nywele za Chiriku, akaacha umbo la kichwa, kola ya sare na lile pengo la kivuli shingoni. Kutoka kwa Kibibi alichukua macho, pua na mstari wa mdomo. Aliupunguza mdomo kidogo, akaukunja pembeni, akalainisha mishono. Kisha akaweka karatasi kubwa kuliko zote ambazo printa ilizimeza. Picha ilitoka mstari kwa mstari: nywele, paji la uso, nyusi, macho. Ilikuwa picha nzuri sana, na Mama Picha alipoitazama alitamani ingekuwa mbaya.

* * *

Dobi alikuja Jumamosi. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na ameziacha ndoo nyumbani, kwa kuwa mdogo wake, Kamera, alimpelekea ujumbe kwamba picha kubwa iko tayari. Kibibi ndiye aliyemfungulia mlango. Dobi alimshika kidevu kama alivyozoea, akamwambia amerefuka, akaingia.

Alikaa. Akapewa maji. Aliuliza biashara, akaambiwa hivyo hivyo. Yeye naye alikuwa amepata kufua kwa mzee mmoja mjane, nguo chache, maneno mengi. Mzee akimaliza kuhesabu soksi zake anaanza upya, akidhani Dobi atakula moja. Wote walicheka, Kamera zaidi kuliko kisa kilivyostahili. Kisha alisimama, akaileta picha, akaishika mbele ya kifua chake.

Dobi aliweka kikombe chini. Mkono ulimwenda mdomoni. Aliipokea, akaiweka magotini, akaipitishia kiganja bila kuigusa, kama anayehofia kuichafua.

"Sare yake," alisema. "Tazama hiyo kola. Niliishona mwenyewe, ikapinda, akaniambia mama umeshona kola ya mbuzi."

Akacheka, akafuta macho, akaendelea kutazama. Kamera alikuwa ameanza kupumua. Mama Picha alikuwa akitazama mikono ya wifi yake, iliyochubuka kwa sabuni, na aliuona mkono mmoja ukishuka na kufunika sehemu ya chini ya uso pichani. Yakabaki macho peke yake. Dobi aliyatazama. Akauhamisha mkono, akafunika macho, akatazama mdomo.

"Kibibi," aliita. "Njoo kwa shangazi."

Kibibi alikuja. Dobi alimshika kidevu tena, akamgeuza kuelekea dirishani, taratibu sana, akamtazama. Kisha akamwachia.

"Nenda kacheze, mwanangu."

Mtoto alimtazama mama yake, mama akamwashiria, akatoka.

"Haya macho," Dobi alisema, "ndiyo yaliyonifungulia mlango sasa hivi."

Kamera alianza kueleza. Alieleza kompyuta ilivyo kuukuu, akaeleza programu, akaeleza kunakili na kuonyesha, akaingia kwenye mambo ya studio na maharusi, na kadiri alivyozidi kueleza ndivyo dada yake alivyozidi kumtazama kama mtu anayesubiri mvua ipungue avuke barabara. Alipoishiwa, Dobi alimgeukia Mama Picha.

"Wifi, wewe ndiye nilikuwa nakuuliza siku zote. Nikija unaniambia karatasi bado. Kama ningekuwa nalipa?"

Mama Picha alikuwa ameliogopa swali hili siku zote hizo, na sasa lilipofika aliona hana nguvu ya kulikwepa.

"Ungeondoka nazo siku ile ile."

"Siku ile ile."

"Ndiyo, wifi."

"Kwa kuwa ni ndugu."

"Kwa kuwa ni ndugu. Nilijua utasubiri."

Dobi alitikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu aliyepewa bei ya kitu na kuiona ni ile ile aliyoisikia sokoni. Aliuliza kilichobaki. Mama Picha aliwasha kompyuta, akafungua albamu, na Dobi akasimama nyuma ya kiti. Vipicha vilikuwepo vyote, safu kwa safu. Aliviangalia kwa muda.

"Vidogo hivi ndivyo yeye mwenyewe?"

"Ndivyo. Hivyo hatukuvigusa."

"Nichapishie hicho cha beseni."

"Kitatoka kama ukucha, wifi. Nikikikuza kinaharibika."

"Nani amekwambia ukikuze?"

Alikichapisha. Kilitoka katikati ya karatasi, kidogo kiasi kwamba ilibidi Mama Picha ainame kukitafuta. Dobi akamwambia akikate, hataki weupe pembeni. Mama Picha alichukua rula na wembe, akakata pande nne akizuia pumzi, akambandikia kiganjani kile kipicha. Kamera alikuwa bado amesimama pale pale. Aliinua ile kubwa akasema, dada, chukua na hii, kwa ajili ya ukuta tu, watu wakija.

"Hiyo ni ya mwanao," Dobi alisema. "Mtundikie mwanao. Yuko hai, atafurahi."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Akaaga, akashukuru kwa maji. Mlangoni alisimama kana kwamba amesahau kitu, na mdogo wake akapiga hatua moja mbele, lakini Dobi alikuwa anatafuta viatu tu.

Alipotoka, Kamera alikaa kitako kwenye stuli ya wateja, mgongo kwenye shuka jeupe. Kisha akainuka, akaishika ile picha kwa mikono miwili juu katikati, vidole tayari kuivuta pande mbili.

"Utachana macho ya nani?" mkewe aliuliza.

Mikono ilibaki pale. Aliitazama picha, akatazama mlango wa chumbani ambako Kibibi alikuwa akiimba peke yake, akaishusha. Hakujua aiweke wapi. Aliiweka mezani uso juu, akaigeuza uso chini, akaigeuza tena.

Mama Picha alikwenda mlangoni kwa nia ya kumwita wifi yake, ingawa hakuwa na neno la kumwambia. Dobi hakuwa amefika mbali. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mahali penye jua, watu wakimpita huku na huku. Amekunjua kiganja, amekisogeza karibu kabisa na uso. Kwa mtu aliyetazama kutoka mlangoni, alikuwa akiangalia mkono mtupu.